Mkono wa Tatu

Naftali hakupiga honi mara mbili. Alipiga moja, fupi, kama mtu anayekohoa mlangoni, na Uwamariya alikuwa tayari amesimama nyuma ya mlango wa kioo wa jengo la wazee, koti limefungwa hadi kidevuni, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni. Miaka mitatu sasa, kila Jumapili, mzee yule Mkenya alitoka kwake Inver Grove Heights, akapita Saint Paul kumchukua, wakavuka mto pamoja kwenda mtaa wa Phillips, Minneapolis. Huko Walutheri waliwaazima orofa ya chini ya kanisa lao kuanzia saa nane mchana.

"Mama Mchungaji, umeamkaje?"

"Nimeamka na Mungu, mzee. Na wewe?"

"Mimi sijalala. Nimetoka shifti saa moja asubuhi. Wagonjwa wangu hawalali na mimi silali. Lakini hata nikisinzia leo, Elisée ataniamsha na maaskofu wake."

Uwamariya akacheka kidogo, akaangalia nje. Theluji ya Februari ilikuwa imegeuka nyeusi kandokando ya barabara.

Jina lile, Mama Mchungaji, ndilo pekee alilobaki nalo la mume wake. Kaburi lilikuwa Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na ubao uliochongwa jina la Habiyaremye uliliwa na mchwa kabla yeye na wenzake hawajaitwa kuja Minnesota. Picha hakuwa nayo. Katika jengo analokaa, majirani walimpungia mkono kwenye lifti bila kujua wamwite nani. Lakini akishuka zile ngazi za kanisa, watoto walikimbia kumpokea mfuko, wanawake walimsogezea kiti cha mbele, na sahani ya kwanza ilikuwa yake. Hakuyapenda mambo hayo kwa majivuno. Aliyapenda kwa sababu kila mtu aliyemwita hivyo alikuwa anamtaja Habiyaremye.

Na Habiyaremye alistahili kutajwa. Miaka kumi alikuwa mchungaji kambini. Alibatiza, alifungisha ndoa, alizika wengi kuliko aliowafungisha ndoa. Mwaka mmoja kabla hajafa alimwekea mikono awe mchungaji kijana mmoja mwembamba aliyekuwa akimbebea ngoma ya kwaya. Kijana huyo, Callixte, sasa ana mvi na ndiye mchungaji wao hapa Minneapolis.

Shida ilianza na fomu. Callixte alikuwa amechoka kuchunga kundi lisilo na mwavuli. Wamehama mara nne, kila kanisa likiwaazima chumba halafu likikumbuka kuwa lina shughuli zake. Akaandika barua kwa dayosisi moja ya Kianglikana kuomba wapokelewe chini ya askofu. Majibu yalikuja ya upole, pamoja na fomu ya kurasa tatu. Swali la nane liliuliza: ni nani aliyekuwekea mikono, na yeye aliwekewa na nani?

Jumapili hiyo ya Februari, baada ya ibada, waliketi kuzunguka meza ndefu, chai ya tangawizi ikizunguka kwenye chupa. Elisée, katekista wa zamani kutoka Bukavu, ndiye aliyekuwa mwandishi wa kanisa. Naftali alikuwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri tangu Kenya, na kwa watu wake askofu ni kitu cha kusikia kwa jirani.

"Paulo alimwagiza Tito aweke wazee kila mji," Naftali alisema, kidole kikiwa kwenye ukurasa. "Shuka mistari miwili tu, watu walewale anawaita askofu. Ni kama vile nyinyi mnaniita Naftali, wengine mnaniita Baba Kendi. Mtu ni mmoja!"

"Baba Kendi, hata mtoto na mama yake huanza wakiwa mwili mmoja," Elisée akajibu. "Halafu anazaliwa. Kanisa lilikua, bwana. Chukua Ignatio wa Antiokia. Anapelekwa Roma kuliwa na wanyama, amefungwa na askari, na bado anaandika: msifanye lolote bila askofu. Mtu anayekwenda kuliwa na simba atadanganya ili apate nini?"

"Barua zipi hizo? Kuna nyingine zilitungwa miaka mingi baadaye, zikabandikwa jina lake. Wataalamu wa Ulaya wamezigombania weee."

"Wakazichuja. Saba zikabaki safi."

"Na Yeromu, yule mtafsiri wa Biblia wa zamani? Huyo hakuwa Mpresbiteri. Alisema mwanzoni wazee waliongoza pamoja. Baadaye ndipo akachaguliwa mmoja juu ya wenzake, ili kuzuia mafarakano."

"Sasa wewe ukijiangalia hapa, Baba Kendi, huoni mafarakano? Si ndiyo sababu tunamtaka huyo mmoja?"

Watu wakacheka, hata Naftali. Uwamariya alicheka na wenzake. Yeye aliishia darasa la sita, lakini alifuata kila neno. Aliona wanaume hawa wanabishana kwa raha, kama watu wanaovutana kamba wakijua kamba haitakatika. Ila yeye aliona inapofungwa hiyo kamba, na ilifungwa kwenye jina la mume wake.

Naftali naye akafika hapohapo. "Nisikilizeni. Mwaka elfu moja mia sita sitini na mbili, Uingereza, wachungaji kama elfu mbili walitoka kwenye makanisa yao. Wengi waliambiwa: wewe uliwekewa mikono na wazee tu, njoo upige magoti upya kwa askofu. Wakakataa. Kwa nini? Kwa sababu ukipiga magoti mara ya pili, umesema ile ya kwanza ilikuwa mchezo. Pasta Callixte akipiga magoti upya, tumesema Habiyaremye hakuwa mchungaji. Wote aliowabatiza je? Ndoa zetu je?"

Vikombe vikawekwa chini. Nusu ya watu mezani walikuwa wamefungishwa ndoa na Habiyaremye.

"Na sisi hatubahatishi," Naftali akaendelea, sauti ikishuka. "Tunaye shahidi. Mchungaji Habiyaremye aliwekewa mikono na wazee watatu, kama desturi ya kwao inavyotaka. Mama Mchungaji alikuwepo."

Wote wakamgeukia. Uwamariya aliangalia kikombe chake. "Nilikuwepo," alisema.

Ikakubaliwa kwamba Jumamosi ijayo wakutane, yeye aeleze, Elisée aandike, ndipo wapige kura. Ushuhuda wake ukitosha, wangemwomba askofu amtambue Callixte kama alivyo. Usipotosha, Habiyaremye angeandikwa mwinjilisti, mhubiri tu asiyewekewa mikono, na Callixte angepiga magoti upya kwa askofu.

Jumanne Elisée akaja kumtembelea, mkate mkononi. Alikaa kwenye kiti kimoja cha pale chumbani, Uwamariya akakaa kitandani.

"Mama," Elisée alisema baada ya kunywa chai, "mimi napenda askofu, lakini simpendi askofu kuliko Mchungaji wetu. Nimefikiri. Mwaka ule Mchungaji alipowekewa mikono, si kuna askofu wa Kigoma alipita kambini?"

"Alipita. Aligawa blanketi."

"Na mume wako alikwenda kumsalimia."

"Alikwenda."

"Askofu akamwombea?"

"Alituombea wote, tulikuwa kama mia tano."

"Basi. Ni nani leo atasema mkono wa askofu haukufika kichwani kwake? Wazee wale wamekufa wote. Umebaki wewe tu. Neno moja, Mama, na kila mtu analala salama. Callixte, ndoa za watu, wewe mwenyewe."

Uwamariya alimwangalia. Alikuwa mtu mwema. Baridi ilikuwa imempasua midomo, na amepanda mabasi mawili kuuleta uongo huu kama mtu anayemletea mgonjwa dawa.

"Asante kwa mkate, mwanangu," alisema. "Nitaomba."

Aliomba kweli. Siku tatu. Lakini maombi yalirudi kila mara kwenye asubuhi ileile Habiyaremye alipowekewa mikono, na hapo palikuwa na jambo ambalo Elisée hakulijua, wala Naftali, wala mtu yeyote aliye hai.

Desturi yao ilitaka mikono ya watu watatu. Si wawili. Wazee waliotoka nayo Kivu walikuwa Bahizire, Niyibizi na Kasika. Siku hiyo watu walikuwa wamejaa chini ya turubai, na bibi mmoja anayekufa alikuwa ameletwa kwa machela akitaka kupokea Meza ya Bwana kutoka kwa mchungaji. Asubuhi hiyohiyo Kasika alizidiwa na malaria, akabebwa zahanati. Kuahirisha haikuwezekana, maana bibi asingefika jioni. Habiyaremye alikuwa tayari amepiga magoti, kitambaa cheupe kimemfunika kichwa na mabega, kama desturi ilivyotaka, na mkutano wote umefumba macho. Mzee Bahizire akageuka, akamwona Uwamariya ametoka jikoni kuleta maji ya kunawa.

"Mama, njoo," alinong'ona. "Wewe unamjua Mungu kuliko Kasika. Ingiza mkono chini ya kitambaa."

Akauingiza. Ulilala juu ya nywele za mume wake, na juu yake mikono miwili ya wazee, mizito. Mzee aliomba kwa muda mrefu. Alipomaliza, Uwamariya aliutoa mkono, akarudi jikoni kabla watu hawajafumbua macho.

Jioni mume wake alimwambia, "Mmoja wa wazee wangu leo alinuka kitunguu." Wakacheka hadi jirani akagonga ukuta wa udongo. Halafu wakakubaliana wasimwambie mtu. Hawakudhani ni dhambi. Walijua tu watu wangezungumza.

Jumamosi orofa ya chini ilijaa. Elisée aliweka fomu mbele yake, kalamu tayari. Callixte alikaa mwisho wa meza, mikono imefungamana. Naftali akasimama.

"Mama Mchungaji, hatutakuchosha. Tuambie tu: waliomwekea mikono Mchungaji walikuwa watu watatu?"

"Walikuwa watatu," Uwamariya alisema, naye akisimama.

Naftali akamgeukia Elisée. "Andika."

"Askofu hakuwepo," Uwamariya akaongeza, na akamwona Elisée akiinamisha kichwa. "Askofu aligawa blanketi, akaenda zake."

"Sawa kabisa," Naftali alisema, uso umeng'aa. "Wazee watatu. Mama, inatosha, kaa."

Hakukaa. Neno hilo, wazee watatu, lilikuwa pale, limekwisha kusemwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Angeweza kuliacha. Hakuna aliyemtaka aseme zaidi. Lakini lilikuwa linaandikwa, na chini yake ndiyo atatia sahihi, yeye aliyefundishwa na Habiyaremye kwamba sahihi ni kiapo.

"Wazee walikuwa wawili," alisema. "Bahizire na Niyibizi. Kasika alikuwa zahanati. Mkono wa tatu ulikuwa wangu."

Mtoto mmoja alikuwa akigonga mpira kwenye korido. Kila mtu aliusikia.

"Wako vipi?" Naftali aliuliza.

Akaeleza. Hakuongeza, hakupunguza. Alipomaliza, Naftali alibaki amesimama, kisha akaifunga Biblia yake polepole.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "ningekuambia ukae mara ngapi?"

Nyuma mtu akaanza kucheka kwa pua, akanyamazishwa. Mwanamke mmoja akauliza, "Kwa hiyo mimi na mume wangu tulifungishwa ndoa na nani?" na mumewe akamjibu, "Na Mama, inaonekana," na safari hii wengi wakacheka, kicheko kisicho na raha.

"Upande wangu umekwisha," Naftali alisema. "Wazee wawili na mke. Siwezi kupeleka hiyo kwa mtu yeyote, wala kwa Wapresbiteri wenzangu."

"Na mimi pia siwezi," Elisée alisema. "Niandike nini? Mwinjilisti?"

Callixte ndipo akainua uso. "Andika mwinjilisti. Nitapiga magoti."

"Basi kama mnaandika," Uwamariya alisema, "kwenye mstari wa mikono andikeni majina yote matatu. Mume wangu hakujiweka mwenyewe."

Elisée akamtazama Callixte. Callixte akatikisa kichwa kukubali. Uwamariya hakungoja. Aliomba kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi za shule ya msingi, moja moja: Bahizire. Niyibizi. Uwamariya. Kisha akatia sahihi.

Walipotawanyika alikwenda kusimama mahali pake pa kila mara, karibu na mlango wa maegesho. Magari yalitoka moja baada ya lingine. La Naftali lilitoka la tatu. Labda hakumwona.

Susan, bibi wa Kilutheri aliyekuwa akifunga milango, alimkuta pale. Kiingereza cha Uwamariya kilikuwa cha sokoni, na Susan alikijua hivyo, akasema taratibu kama anayemlisha mtu. Alikuwa amesikia neno askofu kutoka kwa watoto. Akasema na wao waligombana, miaka kumi na tano iliyopita, Walutheri wa hapahapa Minnesota. Kanisa lao lilikuwa limekubaliana na Waanglikana kwamba maaskofu wapokee mikono ya maaskofu, mkono kwa mkono kutoka zamani. Wengine wakasema wao wamekuwa Walutheri bila mnyororo huo na hawauhitaji. Dada yake alitoka, akaenda kusali kwingine, kaskazini.

"Sasa?" Uwamariya aliuliza kwa Kiingereza. "Dada... anakuja?"

"Krismasi," Susan alisema. "Kadi." Akaonyesha kwa vidole udogo wa kadi yenyewe. Kisha akamsindikiza hadi kituo cha basi kwenye Barabara ya Lake, akasimama naye kwenye upepo mpaka namba ishirini na moja ilipofika.

Tangu siku hiyo alipanda hiyo ishirini na moja. Jumapili ya kwanza alisimama bado kwenye mlango wa kioo hadi saa saba na nusu, akisikiliza. Naftali baadaye alimpigia simu, akasema shifti zimebadilika. Huenda zilibadilika kweli.

Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angejua la kujibu. Watoto waliendelea kumpokea mfuko, lakini mama zao waliwafundisha kusema Mama Uwamariya, na baada ya miezi michache ikawa hivyo kwa kila mtu. Kiti cha mbele hakikuondolewa. Siku moja alimkuta mgeni amekikalia, yeye akaenda kukaa safu ya nne karibu na nguzo, na hakuna aliyekuja kumrudisha. Wanawake waliokuwa wakimpigia simu Alhamisi kuombewa walianza kumpigia mke wa Callixte. Wiki nyingine zilipita bila yeye kutamka neno la Kiswahili hadi Jumapili, na sauti yake ilipotoka kwenye wimbo wa kwanza ilikuwa na kutu.

Aliyekuja kumtembelea, tena mara moja tu, ni Callixte mwenyewe. Alikaa kwenye kile kiti kimoja.

"Sikukasirika, Mama."

"Najua."

"Nilikuwa na njia mbili, ukaniachia moja. Labda ni neema." Akasogeza kiti. "Lakini nikuulize. Baba aliponiwekea mikono mimi, wewe uliamini kwamba nimekuwa mchungaji?"

"Niliamini. Naamini."

"Hata bila askofu? Hata kwa mkono wako?"

"Callixte, yule bibi wa machela alipokea Meza ya Bwana akafa kabla ya jua kuzama, anatabasamu. Mimi nilimshika miguu. Mbele za Mungu anadai nini tena?"

Callixte alifikiri. "Hadai kitu," alisema. "Ila mimi nina watu mia mbili wanaodai."

Uwamariya akainuka kumwekea chai.

Mwaka ukapita. Callixte alifanywa shemasi kwanza, kwenye kanisa kuu la dayosisi. Mwaka uliofuata, Jumapili ya tatu baada ya Pasaka, askofu akaja mwenyewe kumfanya kasisi. Walutheri waliwapa kanisa la juu siku hiyo, lenye vioo vya rangi. Askofu alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Alisema salamu kwa Kiswahili, akakosea, watu wakampenda. Callixte akapiga magoti. Askofu akaweka mikono, na makasisi wengine sita wakasogea wakaongeza yao, hata Callixte hakuonekana tena, ila soli za viatu vyake. Uwamariya aliangalia kwa makini, kama alivyoangalia kila kitu maishani, na hakuona ubaya wowote katika mikono ile. Ilikuwa mikono ya watu wanaoomba.

Kisha Elisée akatangaza: ni desturi kwamba kasisi mpya atoe baraka yake ya kwanza. Kila anayetaka aje mbele, apige magoti, awekewe mkono.

Safu ya kwanza ikainuka. Ya pili. Naftali alikuwa ndani ya ile ya tatu. Alisita, akashika mgongo wa benchi, halafu akaenda, mabega yameinama, na Callixte alimkumbatia kabla ya kumbariki. Safu ya nne ikaanza kutoka, na Uwamariya akavuta magoti pembeni ili watu wapite.

"Mama, twende," mwanamke aliyekuwa karibu naye alisema.

"Pita, binti yangu."

Baraka ya kwanza, Elisée alikuwa amesema. Angependa kubarikiwa. Ilikuwa muda mrefu hajaguswa kichwa na mtu yeyote. Lakini baraka ya kwanza ya Callixte yeye alikuwa ameipokea kambini, amepiga magoti kwenye vumbi, Habiyaremye amesimama pembeni akifuta macho kwa kiganja. Kwenda mbele sasa ni kusema siku ile haikuwepo. Na waliokuwepo siku ile, wote waliobaki hai, walikuwa kwenye mstari.

Mabenchi yakabaki wazi mbele yake na nyuma yake, makoti yameachwa yamelala. Alikaa wima, mikono mapajani. Mstari ukaisha. Watu wakasimama mbele kando ya kuta wakiimba, na katikati ya kanisa akabaki yeye tu.

Callixte akamwona. Wimbo uliendelea. Alisimama na mikono yake mipya imeinuliwa kidogo, akimngoja, na wengine wakaanza kugeuka kufuata macho yake. Uwamariya hakukwepa. Alimwangalia kijana wake, akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anavyomwinamia mchungaji wake, akakiinua tena.

Callixte alingoja kidogo zaidi. Halafu akashusha mikono, akageukia meza kuendelea na ibada.

Jumapili iliyofuata Uwamariya alipanda basi saa sita na nusu, akashuka Barabara ya Lake, akaenda kukaa safu ya nne karibu na nguzo.